Kwenda Lilongwe Kuchagua Mashine ya Majina

Niliondoka Dzaleka kwa sababu ya mkono wangu wa kuume, ingawa watu wote niliwaambia sababu nyingine. Mchungaji nilimwambia duka langu linahitaji maendeleo. Jirani nilimwambia dunia ya sasa ni ya mashine. Karani wa ofisi ya kambi, aliyeniandikia ruhusa ya kutoka kwa siku moja, nilimwambia nakwenda kuangalia vifaa vya kazi. Hakuna hata mmoja niliyemdanganya, lakini hakuna hata mmoja niliyemwambia ukweli.

Kazi yangu ni kuandika majina kwa tindo na nyundo ndogo. Niliianza Bukavu dukani kwa mjomba wangu, nikaja nayo hadi Malawi, kwa kuwa tindo haiongezi uzito kwenye mzigo wa mkimbizi. Naandika kwenye misalaba ya mbao, kwenye zawadi za harusi na kwenye mabango ya maduka, ila kazi inayotulisha ni sufuria. Kwetu mtu akifariki, akina mama wa mtaa mzima hupeleka sufuria zao kwenye kilio, maana hakuna nyumba moja yenye sufuria za kupikia umati wa siku tatu. Kilio kikiisha, zinalundikana uani, zote nyeusi, zote zimefanana. Kinachomrudishia kila mama sufuria yake ni jina lililochongwa kitakoni. Mama wengine wameshapata safari zao za Amerika na Kanada, wakawaachia majirani vyombo, na majina yao bado yanapikiwa hapa kambini.

Sasa basi, ilikuwa kama mwaka mmoja tangu mkono uanze kutetemeka. Mwanzoni nilisema ni baridi ya huku wilayani Dowa. Baadaye nikasema ni chai. Nikaanza kufanya kazi mlango ukiwa umerudishwa nusu, mkono wa kushoto umeushika wa kulia kifundoni, na bado herufi zilitoka zimelewa. Hakuna mteja aliyelalamika, nami nikajiambia kwamba hakuna anayeona.

Halafu likaja jambo la kilio cha mzee mmoja wa Uvira. Mke wangu, Mama Neema, hakwenda siku hiyo, alikuwa amelazwa chini na malaria. Jioni wakaja wanawake wawili dukani wakivutana sufuria, kila mmoja anaapa ni yake, na nyuma yao msururu wa watu waliokuja kuona mwisho. Waliigeuza wakaniwekea mbele ya macho. "Papa Neema, ni we uliandika. Soma." Niliitazama. Sikuweza kuisoma. Nikajipapasa mifukoni kana kwamba natafuta miwani, na mimi miwani sijawahi kuwa nayo.

Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba nimesikia habari za mashine ya leza, inayoandika kwa mwanga, na kwamba iko Lilongwe. Hakuuliza maswali mengi. Yeye ni fundi wa kushona. Wiki ile aliuza cherehani zake mbili kati ya tatu, akanipa bahasha. Hapo ndipo hofu ikanikaa sawasawa. Mimi kwa asili ni mtu wa wasiwasi. Mama Neema husema nikikosa la kuogopa, naogopa kwa nini nimelikosa. Lakini safari hii nilikuwa na haki. Nikichagua mashine mbaya, nyumba yetu itabaki bila mkono na bila cherehani.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshavaa. Koti la suti, lile la harusi za watu. Mfukoni ruhusa, ndani ya ruhusa kitambulisho, na bahasha imeshonewa kwenye bitana. Begani mfuko wenye vibao vitatu vya mti uitwao mbawa, mbao nyekundu nzuri, nilivyovipiga msasa hadi vikang'aa, ili mashine ijaribiwe juu yavyo mbele yangu.

"Papa Neema," mke wangu akasema, "beba na sufuria moja. Baiandike na yenyewe, uone."

"Sufuria ya masizi mu City Centre? Bataniona sawa muntu wa kuombaomba."

"Sasa we unaenda kununua mashine ya nini?"

Nikamwambia asinichanganye akili asubuhi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaota duka jingine kabisa, lenye bango kubwa la mbao mbele, wageni wa mashirika wakiingia kununua zawadi, na ndani yake hakuna harufu ya masizi. Nilipofika mlangoni akanitundikia mkononi furushi la kitenge, zito na la moto.

"Hii ni nini tena?"

"Chakula. Chakula nayo iko na haya?"

Niligusa furushi nikaujua mviringo wake. Ilikuwa ile sufuria yetu ndogo yenye mfuniko. Ningeliiacha, ila ukitaka kugombana na Mama Neema, usigombane naye saa kumi na moja alfajiri.

Kutoka kambini hadi barabara kuu nilipanda kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria nyuma. Kijana wa kabaza alikuwa na mbio, na kila tulipopiga shimo nilishika mambo matatu: koti, mfuko, sufuria. Mikono ni miwili, kwa hiyo moja lilikuwa daima hatarini. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mashamba ya mahindi, na wanawake wa Kimalawi walikuwa wanaelekea kisimani na ndoo zao. Nilisalimia "Mwadzuka bwanji" kila mtu, maana nimejifunza kwamba mgeni anayesalimia haulizwi sana.

Barabarani nilisubiri karibu saa nzima, hadi ikasimama matola, gari dogo la mizigo linalochukua na watu, limetoka pande za Madisi na nyanya. Nikakaa juu ya kreti. Suti yangu ikaanza safari yake ya kuharibika hapo.

Kabla ya kufika mjini kuna mahali askari huweka kizuizi. Nilijua kipo, nilikuwa nimekiwaza tangu nilipoamka, na bado kilipoonekana niliinamisha kichwa kama mtu aliyeiba. Ruhusa ninayo, imepigwa muhuri, tarehe ni ya leo. Lakini karatasi ni karatasi, na mtu anayeisoma ndiye anayeamua inasema nini.

"Mukupita kuti?" askari akauliza, unakwenda wapi.

"Lilongwe, bwana. Kikazi. Narudi leo."

Aliisoma ruhusa mbele na nyuma, na nyuma hakukuwa na kitu. Akagonga furushi kwa kidole. Nikasema ni chakula. Akainua mfuniko kidogo, harufu ya sombe, yaani kisamvu, ikamfikia, akatabasamu na kunirudishia karatasi. "Kabla ya giza uwe umerudi," akasema. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna mtu duniani anayetaka zaidi kurudi kabla ya giza kuliko mimi.

Yapata saa nne nilishuka City Centre. Hapo nilikuwa nimepanga kukutana na Désiré, mtu wa Uvira aliyewahi kuwa jirani yetu Dzaleka na sasa anafanya kazi mjini, kwenye karakana ya bwana mmoja anayeuza mashine hizo. Désiré alichelewa. Nikawa natembea taratibu mbele ya majengo ya benki na ofisi, nikisoma vibao vya milangoni. Naomba msomaji anielewe: wengine wakienda mjini hutazama magari, mimi nilitazama herufi. Kulikuwa na kibao kimoja cha shaba, herufi zake zimekwenda chini zote kwa kina kimoja, hakuna hata moja iliyoteleza. Nilikisogelea. Nikaweka kidole kwenye herufi ya kwanza.

"Achimwene," mlinzi akaniita, yaani kaka, "unatafuta nini?"

Nikajitazama: suti yenye nyanya, mfuko wa vibao, furushi la kitenge, kidole kwenye mlango wa ofisi ya watu. "Natazama maandishi," nikasema kwa Chichewa changu kibovu. Hakuniamini, na mimi ningekuwa yeye nisingeniamini. Désiré akatokea wakati huohuo, akanivuta mkono kutoka mlangoni huku anacheka, akiniita kaka mkubwa kama kawaida yake.

"Grand, ulikuwa unataka kung'oa porte ya bantu?"

Saa tano tulikuwa Old Town, kwenye karakana. Mwenyewe ni Bambo Phiri, yaani Bwana Phiri, Mmalawi mnene mwenye sauti ya upole, anayevaa kalamu mbili masikioni, moja kila upande. Alizungumza Chichewa na Kiingereza, nami nilishika nusu. Nusu nyingine alinipa Désiré. Alinyoosha mkono kunisalimu. Huku watu wakisalimiana kwa heshima, mkono wa kushoto hushika ule wa kulia karibu na kiwiko. Naipenda sana desturi hiyo. Tangu mkono uanze kutetemeka, ilikuwa imenifichia siri yangu mara nyingi.

Mashine aliyotuonyesha ilikuwa kubwa kama jeneza la mtu mzima. Nilijilaumu kwa kuwaza hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mfuniko wake wa kioo haukuzuia kuona ndani. Alinieleza kwamba ndani mna mrija wa kioo unaotoa mwanga, kwamba lazima maji yazunguke kuupoza, kwamba moshi lazima utolewe nje kwa bomba, na kwamba mrija huchoka baada ya muda ukanunuliwa mwingine. Kila alichosema mimi nilikigeuza kuwa wasiwasi. Maji yakikatika? Vumbi la Dzaleka likiingia? Mrija mwingine nitautoa wapi? Désiré alitafsiri mpaka akachoka.

"Grand, mi naona unauliza sawa juge mu kesi."

Kisha Bambo Phiri akaweka kibao changu cha kwanza, akaandika kwenye kompyuta jina la binti yangu, akafunga mfuniko. Nukta ya mwanga ikaanza kwenda na kurudi. Harufu ya mbao iliyoungua kidogo, tamu, ikajaa karakana. Baada ya dakika chache nikakishika mkononi. NEEMA. Herufi za kahawia, kingo zake safi, mkia wa kila moja umekaa mahali pake. Katika ujana wangu, siku nzuri kabisa, mkono ukiwa mkono, nisingeweza kufanya vile. Nilifurahi na nikaumia, vyote pamoja, na nadhani niliumia zaidi.

Akatuonyesha na kipande cha mpira, akakichonga kikawa muhuri wa kanisa lisilokuwepo. Désiré akanigonga mbavuni. "Cachet njo kazi, grand! Kule camp makanisa iko ngapi?" Kweli makanisa ni mengi. Lakini mimi niliona jambo jingine. Niliona muhuri wa uongo umeonekana kwenye karatasi ya mtu fulani, na mlango wa kwanza kugongwa ni wa mkimbizi mwenye mashine. Nikamwambia Désiré mihuri sitaki hata kuiota. Vibao vinatosha.

Na kweli nilidhani vinatosha. Nilikuwa nimeshaamua. Nikampa Bambo Phiri mkono kwa mara ya pili, safari hii wa makubaliano, nikajikunja kona nifumue bitana na kutoa bahasha. Yeye, kwa furaha ya biashara, akasema tuandike kwanza bango dogo la duka langu kwenye kibao cha pili, zawadi yake kwangu.

Mashine ilikuwa imefika katikati ya neno la pili wakati umeme ulipokatika.

Bambo Phiri hakushtuka. Alitoa kalamu moja sikioni akaandika saa ukutani, ambako kulikuwa na orodha ndefu ya saa kama hizo. "Pepani," akasema, yaani samahani. "Pengine saa moja, pengine tatu." Mimi nikaangalia jua, nikaangalia ruhusa, nikaangalia kibao kilichobaki nusu chini ya kioo. Saa ilikuwa inakaribia saba.

Tulikaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Désiré akaniuliza furushi lile nalibeba tangu asubuhi ni la nani. Nikaona haya kulifungua mbele ya Bambo Phiri, lakini njaa haina mheshimiwa. Désiré alikimbia akanunua nsima, ugali wa huku, kwa mama wa jirani, nikafungua kitenge, na sombe ya Mama Neema ikatoka imepoa lakini bado inanukia, imeungwa mafuta ya mawese, ambayo sijui aliyapata wapi. Bambo Phiri alikaribishwa naye akakubali mara moja. Alikula kwa adabu, tonge kwa tonge, hadi sufuria ikabaki tupu, kisha akaichukua kwenda kuisuuza bombani. Nilimwambia aache. Akasema kwao aliyekula ndiye anayeosha.

Alipoirudisha alikuwa ameigeuza juu chini, anaitazama kitako kwa kukunja uso. Akauliza kitu kwa Désiré. Désiré hakutafsiri. Lakini maneno yale nilikuwa nayajua: alikuwa ameuliza ni mtoto gani aliyechezea sufuria hii.

Nikaichukua. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe, miezi minne nyuma, mlango umerudishwa nusu, na tangu siku ile sikuwahi kuigeuza. Palipaswa kuwa MAMA NEEMA. Palikuwa na mikwaruzo inayopandana, kana kwamba kuku amefukua. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka pale pale, na mfuniko, niliokuwa nimeushika pamoja na sufuria, ukaanza kugonga ukingo, tiki tiki tiki, wote watatu tunausikia.

"Grand," Désiré akasema polepole. "Mukono, tangu lini?"

"Mwaka moja."

"Mama Neema anajua?"

"Hapana. Hakuna muntu anajua."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Désiré alimweleza Bambo Phiri kwa Chichewa, na yule bwana akashika kifua, akaniomba radhi hata nikamwonea huruma yeye. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini aibu ikishamwagika haizoleki, na mtu ambaye hana tena cha kuficha hupata ujasiri wa ajabu kidogo.

Umeme ulirudi kabla ya saa nane. Mashine ikawashwa, na badala ya kuendelea pale ilipoachia, ikaanza upya kutoka mwanzo, tena imesogea unywele mmoja. Bango langu likatoka na vivuli viwili. Bambo Phiri akasema atanipa kibao kingine. Mimi nikamnyooshea sufuria.

"Mwambie aandike hapa," nikamwambia Désiré.

Waliisugua kitako kwa mchanga na sabuni hadi bati likang'aa, wakaiweka kifudifudi ndani ya mashine kubwa. Mwanga ukaenda na kurudi, kwa bidii ileile, kwa sauti ileile. Mfuniko ulipofunguliwa nikainama. Nikapangusa kwa kitambaa. Mikwaruzo yangu ilikuwa pale. Zaidi ya hiyo hakukuwa na kitu, hata doa.

Bambo Phiri akasema hii haiandiki bati tupu, mwanga wake hurudishwa. Inaandika mbao, ngozi, plastiki, mpira. Akaniuliza, bila ubaya wowote: si ulikuja na mbao? Nilidhani wewe ni mtu wa mbao.

Nilikaa kwenye kiti. Dakika ishirini zaidi za umeme, na bahasha ya cherehani mbili ingekuwa imekwenda kwenye mashine isiyoweza kuandika sufuria hata moja, na mimi ndiye ningekuwa nimeichagua, kwa suti yangu na vibao vyangu vya kung'aa. Niliwaza wale wanawake wawili wamerudi mlangoni na sufuria yao, na mimi nimesimama kando ya jeneza langu la kioo, najipapasa miwani.

Pembeni, chini ya shuka, kulikuwa na mashine nyingine. Bambo Phiri alikuwa hajaitaja. Aliifunua: nguzo fupi yenye kichwa, na kijisanduku pembeni yake. Ikiwa mpya ni ghali kuliko ile kubwa, akasema, lakini hii imeshatumika, ndiyo maana bei zinakaribiana. Haitaki maji, haina mrija wa kioo, inakula umeme kidogo. Lakini haikati mbao, na mahali pake pa kuandikia hapazidi sahani. Ni ya chuma na bati, basi. Watu wakija huitazama wakaipita.

Akaiweka sufuria chini ya kichwa kile, akapandisha na kushusha hadi nukta mbili nyekundu zikawa moja. Désiré aliandika jina kwenye kompyuta. Ikalia kidogo, kama nyuki aliyeingia kwenye chupa, na nilipokuwa bado nasubiri ianze, ilikuwa imemaliza. Sekunde, si dakika. Chini ya mikwaruzo yangu palikuwa pameandikwa MAMA NEEMA, herufi nyeupe, zimenyooka, na nilipopitisha kucha nilizihisi. Nikasugua kwa mchanga. Nikasugua tena kwa nguvu zangu zote. Zikabaki.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami nilikuwa nimesimama kati ya majembe mawili huku jua linakwenda. Sitasema kwamba uamuzi ulikuwa rahisi. Kibao cha Neema kilikuwa juu ya meza na bado kinanukia. Nikichukua ndogo, misalaba ya mbao itakwenda kwa fundi mwingine, bango halitakuwepo, wageni wa mashirika hawatakuwepo, nami nitazeeka na masizi kwenye kucha. Nikichukua kubwa, nitakuwa na duka zuri la mtu mwingine.

"Grand, saa," Désiré akanikumbusha.

"Ile kadogo," nikasema. "Njo nachukua ile kadogo."

Bahasha ikatoka, risiti ikaandikwa. Tulikubaliana Désiré ataileta mashine kambini Jumamosi, pamoja na kompyuta yake, anifundishe. Kwa hiyo niliondoka Lilongwe nikiwa na karatasi moja zaidi ya nilizokuja nazo, vibao vyangu, na sufuria tupu.

Njia ya kurudi sikuona mashamba wala ukungu. Niliona maswali. Kama mashine ikifa Ijumaa? Kama risiti haisemi kitu? Nilikuwa nimepakiwa kwenye lori la mbolea, mkono mmoja kwenye mfuko wenye risiti na mwingine ndani ya sufuria, vidole vikipapasa herufi kwa upande wa nyuma, ingawa kwa upande wa nyuma hazisikiki. Kwenye kizuizi alikuwa askari yuleyule. Akaangalia ruhusa, akaangalia jua, akainua mfuniko akakuta hamna kitu.

"Siku nzima Lilongwe," akasema, "na umerudi na sufuria?"

"Ndiyo, bwana."

"Ileile?"

Nikaigeuza nikamwonyesha. Alisoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi, bila kukwama. Hakujua alichonifanyia.

Nilifika nyumbani magharibi, mwanga bado upo. Mama Neema alikuwa kwenye cherehani yake moja iliyobaki. Hakuuliza habari za mashine. Alichukua furushi, akafungua kitenge, akaigeuza sufuria moja kwa moja kana kwamba alijua pa kutazama. Akasoma. Kisha kidole chake kikawa kinatoka kwenye mikwaruzo ya juu kwenda kwenye jina la chini, kinarudi juu.

"Balikula na we?" akauliza.

"Balikula. Na patron mwenyewe, ule wa mashine, njo aliosha."

"Njo vile." Akavuta pumzi. "Nilijua utaona haya kubeba sufuria, lakini njaa itakufungulisha. Nilichagua ile yenye uliharibu sana."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwuliza alijua tangu lini. Akasema tangu mkono wenyewe haujajua. Nikamwuliza mbona basi hakuna mteja aliyewahi kulalamika mwaka mzima, isipokuwa siku ile moja. Mama Neema akaiweka sufuria magotini.

"Papa Neema, ku kila kilio mi nabakiaka wa mwisho juu ya nini? We unanichekaka eti niko nakula ukoko. Sufuria yote uliandika tangu mwaka jana, mi nilishika mu kichwa: hii iko na kovu, hii mukono yake ilikatika, hii ya Mama fulani. Bamama bakikuja, mi nagawa kabla basome. Siku ile nilikuwa na malaria njo balipigana."

Nilimshika mkono kwa mkono wangu wa kulia, bila kuushikilia na wa kushoto, ukatetemeka ndani ya wake kadiri ulivyotaka.

Jumamosi mashine ilikuja, na haikuwa imekufa Ijumaa. Nilitangaza kwamba kila sufuria niliyoiandika ndani ya mwaka ule irudishwe dukani iandikwe upya, bure, na nilisema sababu mbele ya watu. Nilichojifunza Lilongwe ni kidogo: anayekwenda kununua chombo cha kazi abebe ile kazi anayoionea haya, siyo ile anayotamani aonekane nayo. Wasiwasi wangu haukupona. Umeme ukipepesa kidogo mimi huyo nimesimama.

Kilio kilichofuata kilikuwa mtaa wa pili. Siku ya kuondoa matanga, Mama Neema alirudi jua likiwa bado juu, sufuria yetu mkononi. Nilishtuka, nikadhani ni mgonjwa tena. Nikamwuliza mbona amerudi mapema hivyo.

"Banajisomea," akasema, akavua viatu.